Kijikapu cha Kahawa Kilichompita Baba

Bado naiona, mjukuu wangu, siku ile baba yangu alipokuja kunitembelea kwa mara ya kwanza tangu niolewe hapa Kaisho, enzi za Mwingereza. Nilikuwa na miezi minane tu katika ndoa, na hasira zangu zilitangulia akili. Cheka tu, umezirithi.

Baba alikuwa mfugaji wa Nyakatuntu. Aliketi mkekani, kushoto kwa mama mkwe wangu. Unajua kwetu mgeni huanza na kahawa ya kutafuna, buni kavu zinazopitishwa kwa kijikapu. Mama mkwe akashika kijikapu, akampa mume wangu, akampa jirani yetu. Baba akanyoosha mkono, kijikapu kikampita, kikawekwa chini.

Niliwaka, mwanangu. Nikakumbuka na mengine: mawe kwenye maharage aliyochambua mama mkwe, maziwa aliyomwaga kando ya kikombe changu, kikumbo alichonipiga mlangoni. Nikaona ananichukia mimi na ukoo wangu wote. Nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikamwambia baba twende nyumbani, ndoa imenishinda.

Baba alinivuta hadi kwenye migomba, akasema taratibu:

"Fungua hizo nguo. Ng'ombe asiyeona upande mmoja hugeuza shingo kabla ya kupiga hatua. Mama yako huyu anageuza shingo tangu nilipofika. Wewe umekaa naye miezi minane, ulikuwa unaangalia nini?"

Aibu ile sijaisahau mpaka leo.

Tukarudi ndani. Baba akamwomba mama mkwe afunike jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. La kushoto halikuona kitu. La kulia liliona ukungu mtupu. Mama mkwe akalia, akasema amekuwa akificha kwa kuogopa kwamba mimi, bibi harusi mpya, nitakimbia nikijua nimekuja kumwongoza kipofu. Nami nilikuwa nimeshafunga nguo zangu niondoke.

Jirani alitaka kumkamulia majani machoni, baba akakataa katakata. Tukambeba kwa machela siku mbili hadi hospitali ya misheni. Daktari alisema jicho la kushoto limeuawa na presha ya macho, ugonjwa ambao mara nyingi hauumi, unaokula kuona kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Hilo alilipasua, na likaona.

Kwa hiyo nisikilize. Mzee wako akianza kujikwaa kizingitini, kukwepa mwanga wa jua au kumimina chai nje ya kikombe, usimwite mzembe wala mwenye dharau. Mwambie afunike jicho moja moja, umuulize anaona nini, kisha umpeleke kwa daktari hata akikuambia haumwi. Na wewe ukifika miaka arobaini, kapime macho hata kama unaona vizuri. Presha ya macho hufuata ukoo, na mama mkwe wangu ndiye aliyemzaa babu yako.

Mavuno yaliyofuata baba alikuja tena, na kwa utani wake akaketi kushoto kulekule. Mama mkwe akageuka mwili mzima, akampa kahawa yeye wa kwanza, akamtazama usoni hadi baba akainamisha kichwa.

Mungu akutunzie macho yote mawili, mwanangu, na akujalie kuwaona wazee wako kabla hawajalazimika kukuomba.