Mnyoo Aliyemwacha Ng'ambo

Dada mmoja wa Kinubi, aliyefundisha somo la viumbe wa kale chuoni hapa Kampala, amefariki, na wiki hii tumemzika Bombo. Msomaji, huenda hukumjua. Mimi alinitembeza msitu wa Mabira mvua ikininyeshea, akipindua magogo yaliyooza kumtafuta mnyoo wa mahameli, kiumbe laini mwenye vijiguu vingi anayenasa mawindo kwa kutema ute. Huko magharibi, misitu ya Kongo, yupo, kwetu hajulikani. "Nikimwona mmoja tu akitembea, roho yangu itatulia," aliniambia. Tulipata majongoo. Alicheka mpaka akakaa kwenye tope, na kicheko hicho ndicho ninachokitamani leo.

Ujanani alisoma ng'ambo, akichunguza mababu wa mnyoo huyo, waliotembea chini ya bahari mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Hawakuwa na mfupa. Mwili laini huoza upesi, alinieleza. Ili ubaki jiweni, sharti tope liufunike mapema. Basi siku moja lilipasuliwa jiwe, na ndani yake utumbo wa mmoja wa mababu hao ukaonekana kama mstari wa wino. Akaalikwa kulichunguza. Wiki hiyohiyo mama yake akapooza upande mmoja, huku mtaani Luzira. Akarudi kumuuguza, asiondoke tena. Jiwe walipewa wengine. Yeye akabaki na picha ya jiwe hilo, akaibandika jikoni.

Matangani mama huyo aliniita mkekani. "Wewe ulitembea naye. Mutoto yangu alikuwa anatafuta nini kwa mawe?"

Nikamweleza yote, pamoja na ule mwaliko. Akasema, "Mimi nilidhani kazi ilimukataa huko, ndiyo akarudi. Kumbe aliacha kitu alikuwa anapenda hivi?" Kisha akauliza, "Huyo munyoo anatembea namna gani?"

Nikatembeza vidole mkekani, polepole, kimoja baada ya kingine. Akanitazama, halafu akajaribu kwa mkono wake usiopooza, machozi yakimtiririka.

Mji huu umejaa watu waliorudi kutuuguza. Tunawasifu kwa moyo wao, tunakula chakula walichopika, na hatuwaulizi walikuwa wakifanya nini tulipowaita. Tuwaulize. Pengine hawatapenda kujibu mara ya kwanza; tukae, tuulize tena, tuyasikie majibu kwa vinywa vyao wenyewe.