Walitupima kwa Kreti Moja

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, na kila ninapoikumbuka siwezi kukaa kitako. Huinuka nikatafuta la kufanya. Leo nimejilazimisha kuketi nikuandikie, kwa sababu nimesikia umepata kazi kiwandani na wanakusifia kwamba una mikono myepesi.

Na mimi nilisifiwa hivyo. Nilikuwa nakaa Kirumba, nikifanya kazi katika kiwanda cha samaki kando ya ziwa. Tulisimama mezani na buti za mpira, maji ya barafu yakitiririka, tukitoa minofu ya sangara. Kisu alinifundisha Mama Kabula, mwanamke wa makamo aliyesimama kushoto kwangu. Baada ya miezi michache nikampita. Nikaanza kujiona. Mzee Masalu, mwenzetu aliyeongoza tawi la chama cha wafanyakazi pale kiwandani, aliponiletea fomu ya kujiunga, nilimjibu kwamba chama ni cha wasioweza kazi.

Asubuhi hiyo meneja alikuja, akatazama saa yake ya mkononi. "Binti, hebu tuonyeshe," akasema. Nikaimaliza kreti nzima yeye akihesabu dakika. Akanipigia makofi, akasema nafasi ya usimamizi ikipatikana atanikumbuka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia maji kwenye tembo la watu wote. Jumatatu tulikuta karatasi ukutani: muda ule wangu ndio kipimo cha kila mfanyakazi, kwa kila kreti.

Meza zikaingiwa na haraka. Watu waliacha kuzungumza, wakaacha hata kwenda haja. Mama Kabula alijikata kiganja, na bado akaandikiwa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi. Wiki iliyofuata akapata ya pili. Ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa, naye alikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni.

Mzee Masalu akanifuata wakati wa mapumziko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile kreti uliyowaonyesha, iliyofuata uliimaliza kwa muda gani?"

"Iliyofuata? Sikufanya nyingine. Meneja aliniambia nikapumzike, nikaenda kunywa chai."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe tumepimwa kwa mtu aliyekuwa anawahi chai." Kisha akaacha kucheka. "Kayaseme hayo kwenye kikao cha chama na meneja. Mimi nikisema, wataniambia natetea wavivu. Wewe watakuitaje?"

"Lakini mimi si mwanachama."

"Najua. Mama Kabula ni mwanachama."

Siku mbili sikutulia. Nilitembea kutoka Kirumba hadi Pasiansi na kurudi, bila shughuli yoyote. Nikisema, usimamizi umekwenda. Nikinyamaza, aliyenifundisha kazi anafukuzwa kwa ajili ya mikono yangu.

Nikaenda. Sikuwa na maneno mengi: niliomba nipimwe tena, kuanzia mwanzo wa zamu hadi mwisho. Mzee Masalu akang'ang'ania, meneja akakubali. Kreti tatu za mwanzo nilikwenda mbio. Kabla ya saa nne vidole vilikufa ganzi, kisu kikawa kinateleza. Mama Kabula akaninong'oneza, "Taratibu, binti. Samaki ameshakufa, hakimbii popote." Kufika mchana nilikuwa nyuma yake.

Karatasi ikabanduliwa. Chama na kiwanda wakakubaliana kipimo cha zamu nzima, chenye mapumziko ya kupasha mikono joto, wakakiandika katika mkataba wa hali bora. Barua ya pili ya Mama Kabula ilifutwa. Ile ya kwanza walikataa kuifuta, akafanya kazi nayo kwenye jalada lake mpaka alipostaafu. Hakuwahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mwanangu, wepesi wa mikono yako ni wako, lakini mwajiri akiupima, huwapima na wenzako. Siku hizi kipimo kimeingia hata kwenye simu; kinamhesabia dakika kijana wa bodaboda anayepeleka mizigo, naye yuko peke yake barabarani. Nguvu ya mamba ni maji. Mfanyakazi aliyetolewa katikati ya wenzake huburutwa na yeyote. Chama huketi mbele ya meneja na kuuliza maswali ambayo wewe ukiyauliza peke yako utaonyeshwa mlango. Hukufafanulia mkataba wako, husimama nawe ukipewa onyo, hudai glovu kabla damu haijamwagika.

Lakini usidhani kinajiendesha chenyewe. Hudhuria mikutano, waulize viongozi wako. Wapo wanaolala, na wa kuwaamsha ni wanachama. Jiunge sasa ukiwa bado unasifiwa, kwa maana anayesifiwa ndiye wa mwisho kuona hatari. Na ukiona mwenzako mezani amepungua mwendo, kabla hujampita muulize ana nini.

Mungu aliyekupa mikono hiyo aitunze. Akupe bosi mwenye masikio, na asipokupa huyo, akupe wenzako wasiokuacha peke yako mbele yake.