Mgonga Kuta

Mhakiki wa michezo ya kompyuta haanzi na vita, huanza na kuta. Humgongesha shujaa ukutani, kidole gumba kikisukuma pedi ya kuchezea bila huruma, mpaka mchezo uumbuke. “Ukuta hausemi uongo,” huwaambia wenzake ofisini. Leo wameletewa kionjo cha mchezo ambao bado haujatoka, wa chombo kinachosafiri kati ya nyota. Akaugonga ukuta wa chombo mara ishirini. Mpishi wa humo, bibi kizee mwenye mkono wa chuma, akaacha sufuria zake, akamsogelea shujaa: “Mjukuu wangu, kulikoni? Umepotea?” Wenzake wakasogeza viti karibu. Mhakiki akaiweka pedi mezani taratibu, akainamia skrini. “Shikamoo, bibi.”