Twiga Apimwa Kimo

Mafundi wenzake walimwita Twiga, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Kwa miaka arobaini alipaka rangi nyumba za watu, na pale wengine walipotafuta ngazi, yeye alinyoosha mkono tu. Alikuwa na pumu. Kifua kikimbana alinunua vidonge vyake vya steroidi na kuvimeza bila kumwuliza daktari, mwaka baada ya mwaka.

Akiwa na miaka sitini na tisa aliinama kunyanyua ndoo ya rangi ambayo haikufika hata nusu. Kitu kikalia "ko" mgongoni, pumzi ikamkatika. Alirudi nyumbani akitembea kwa hatua za mwizi.

"Nimeteguka tu," alisema.

Wiki mbili zilipita bado analala ubavu. Binti yake, mwalimu, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Baba, vaa viatu. Teksi iko nje."

Kliniki, nesi alimsimamisha ukutani. "Mita moja na sentimita themanini na moja."

"Kipimo chako kibovu, mwanangu. Mimi ni themanini na nane tangu sijaoa."

Nesi alipima tena. Zilikuwa themanini na moja zilezile.

Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Akalazwa chali chini ya mashine nyingine, ya kupima uimara wa mifupa. Daktari hakuficha: mifupa yake ilikuwa imekuwa myepesi, ina matundu ndani kama sifongo. Umri ulichangia, sigara zilichangia, na vile vidonge vya pumu zaidi ya vyote.

"Huo si ugonjwa wa akina mama?"

"Hata wanaume wanaupata, mzee. Ila nyinyi mnakuja mmechelewa."

Aliandikiwa kidonge cha mara moja kwa wiki: akinywe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, kisha akae wima nusu saa kabla ya kula. Kwa pumu akapewa dawa ya kuvuta. Atembee kila siku, aache sigara, asibebe ndoo, asipande juu ya kitu chochote. Hilo la mwisho lilimkaa kooni.

Binti akaondoa mikeka sakafuni na kufunga chuma cha kushikia bafuni. "Mmenigeuza kioo?" mzee alinung'unika.

Mwezi wa tatu wa dawa aliitwa kumalizia dari ya jirani. Akaenda kimyakimya, akapanda stuli, ikacheza. Aliangukia mkono, kifundo kikavunjika. Binti alipofika hospitali hakufoka. Alikaa pembeni yake akisahihisha madaftari ya wanafunzi, na mzee akaona heri angefokewa.

Tangu hapo hakuruka kidonge hata wiki moja. Plasta ya mkono ilipotolewa, duka la vifaa vya ujenzi lilimchukua kuchanganya rangi, akiwa ameketi. Mteja akileta kipande cha plasta iliyobanduka ukutani, Twiga alikigeuza mara mbili kwenye mwanga na kutaja rangi za kuchanganya ili kuipata ileile.

Miaka miwili baadaye alipimwa tena. Mifupa ilikuwa imeimarika kidogo, kimo hakikurudi. Jioni hiyo alizitoa kanzu zake zote kabatini, akamkabidhi mke wake.

"Mpelekee fundi azikate."

"Zote?"

"Zote. Nimechoka kuzikanyaga."