Bahasha za Nywele za Kinyozi Taratibu

Kinyozi wetu tulimwita Taratibu kwa sababu ukiingia dukani kwake asubuhi kunyolewa ndevu, hutoki kabla hujamaliza gazeti zima, matangazo ya vifo yakiwemo. Alinyoa kwa wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na sijasikia mtu aliyewahi kukatwa kwenye kiti chake. Siri, alisema, ilikuwa kinoo. Kilikuwa jiwe la asili, la kijivu, kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, alilorithi kwa baba yake. Alilitunza ndani ya soksi ya sufu.

Matata yalianza siku shemeji yake alipostaafu. Shemeji huyu, kaka wa mkewe, alikuwa fundi mitambo kiwandani, mtu wa vipimo, na alipokosa mitambo ya kupima alihamia kwenye nyembe za Taratibu. Akanunua vinoo vinne vya kiwandani, kila kimoja na namba yake: elfu moja, elfu tatu, elfu nane, elfu kumi na mbili. Namba ikipanda, alieleza, chembe za jiwe zinakuwa ndogo zaidi, na makali yanakuwa laini zaidi.

"Na lako ni namba ngapi, shemeji?"

"Jiwe langu halina namba. Mungu hakuandika."

"Basi hulijui."

"Mkeo ana namba?"

Kesho yake shemeji alirudi na kioo cha kukuzia vitu.

Sasa, makali ya wembe hupimwa hivi: unashika unywele mmoja kwa ncha, unaushusha juu ya makali bila kuusukuma. Wembe mkali unaukata wenyewe, wembe butu unauacha upinde. Lakini nywele hazifanani. Wembe wa shemeji uliposhindwa, alidai unywele ni mwembamba mno. Wa Taratibu uliposhindwa, alidai unywele ni mchafu. Ili kumaliza ubishi wakakubaliana wawe na nywele maalumu, zilizooshwa na kupangwa. Taratibu hakuwahi kufanya jambo nusunusu. Akanunua bahasha.

Mwezi haukuisha, zikafika thelathini na moja. "Mke wangu, nene." "Mama mkwe, mvi, ngumu kama waya." "Msoma mita za maji, sharubu." Nyingine aliomba kwa adabu. Nyingine, sitaficha, aliziokota kwenye vitana na kola za watu. Mkewe akaanza kujifunga kitambaa kichwani hata akiwa peke yake jikoni.

Ndipo fundi cherehani wa nyumba ya pili alipokuja kupima mapazia. Akaomba kalamu aandike vipimo, na mke wa Taratibu, akiwa na mikono ya unga, akamwambia, "Fungua droo hiyo, hukosi."

Kalamu hakuiona. Aliona bahasha zimepangwa kama majalada ya mahakama, na ya tatu ilisomeka: "Fundi cherehani, jirani. Hafifu."

Mayowe yake yaliwatoa hata watu waliokuwa bafuni.

Saa nne asubuhi tulikuwa tumejaa uani kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu mwenye upara unaong'aa. Yeye hakuwa na bahasha, na nadhani jambo hilo lilimkera kidogo.

"Mzee mwenzangu," akaanza, "unaroga majirani?"

"Nanoa wembe."

"Kwa nywele za watu?"

"Nanoa kwa jiwe. Nywele ni za kupimia."

"Wote husema hivyohivyo!" fundi cherehani akadakia. "Mwezi mzima nakonda, kumbe mtu ameshaniandika hafifu!"

Mwenyekiti akakata shauri. Taratibu apime hapohapo, mbele ya watu. Unywele ukikatika, basi ni kazi ya kinyozi. Usipokatika, mambo yatazungumzwa vingine.

Taratibu akaleta wembe alionoa kwenye jiwe la baba yake. Akashusha unywele. Ukapinda, kisha ukanyooka tena kama mtu aliyeamka usingizini. Watu wakaguna. Akajaribu wa pili, mambo yaleyale. Shemeji akamsogelea na wembe mwingine, alionoa mwenyewe kwa elfu kumi na mbili, akamnong'oneza, "Tumia huu."

"Sitaki."

"Watakuita mchawi."

"Waniite."

Mkewe alisikia. "Baba watoto! Wanao waitwe watoto wa mchawi kwa ajili ya jiwe?"

"Jiwe la baba yangu."

"Na mimi nimeolewa na nani, na jiwe?"

Nilikuwa nimeegemea ukuta, karibu na Taratibu. Nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba, na nyuso zao hazikuwashuka vile. Akaupokea wembe wa shemeji. Mama mkwe, bila kuombwa, akafungua kilemba na kung'oa unywele wake mwenyewe. "Mkwe, shika huu, bado wa moto."

Unywele mweupe ukashuka, ukagusa makali, ukawa vipande viwili. Kipande kimoja kilitua juu ya kiatu cha mwenyekiti.

Halafu sauti ikatoka nyuma: "Hebu jaribu na wangu."

Kufumba na kufumbua, foleni. Waliokuja kumfukuza sasa walisukumana kupata zamu. Mwenyekiti, kwa kukosa kichwani, akachomoa mmoja wa puani. Ukakatika, naye akapigiwa makofi.

Taratibu alirudi nyumbani hana hatia, na hana raha. Siku tatu hakufungua duka. Ya nne, mkewe akamwita kaka yake: "Nenda ukaongee naye. Wewe ndiye uliyeleta namba nyumbani kwangu."

Shemeji alimkuta ameshika tama. "Nimeutazama wembe wako kwa kioo," akamwambia. "Jiwe lako halina kosa. Umelibebesha kazi nyingi mno. Kuondoa mapengo, kusawazisha, kulainisha, yote hayo jiwe moja! Mawe yangu yaanze, lako limalizie."

Wakanoa pamoja: elfu moja, elfu tatu, elfu nane, kisha jiwe la mzee kwa matone ya maji, mwisho mkanda wa ngozi. Taratibu akamnyoa shemeji shavu moja.

"Sikusikia kitu," shemeji akasema.

"Ndilo jiwe hilo."

"Ndiyo elfu nane hiyo."

Tangu hapo duka lina mafundi wawili, na kunyolewa kunachukua muda mara mbili. Mwezi uliopita mwenyekiti alisinzia kitini huku wawili hao wakibishana juu ya kichwa chake, wakasahau kumwamsha. Mkutano wa mtaa ulifanyika bila yeye, na kwa mara ya kwanza ajenda zote zikaisha.