Jina la Kuziba Mzunguko wa Soko

Sajini mwenye daftari la zamu alikuwa na askari wa barabarani sitini na makutano arobaini na moja, asubuhi na jioni. Hesabu hiyo haikubali, na kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyeilazimisha ikubali, kwa penseli na kifutio. Askari wakimwona anakuja na daftari kwapani, baadhi yao walianza kuchechemea. Koplo mmoja goti lilimuuma kila alipopangiwa mzunguko wa soko, likapona akipangiwa mataa ya benki, penye kivuli.

Mzunguko wa soko siku ya Jumamosi hakuna aliyeutaka. Sajini aliujaza kwa jina lilelile kila wiki: konstebo mmoja mpole, ambaye ni mumewe.

Alifanya hivyo ili watu wakose la kusema. Mwaka wa kwanza alimpangia mataa ya benki mara moja tu, na kituo kizima kikanong'ona kwamba kivuli kinagawiwa chumbani. Tangu hapo akamkomesha mume ili awakomeshe wao. Nyumbani ratiba aliipangia juu ya meza ya kulia chakula, kisha akaifunika kwa kitambaa. Mume alipita na kikombe chake cha chai akitazama ukuta. Zamu yake aliisoma Ijumaa, ubaoni, akisukumana na wenzake.

Mwaka huu binti yao wa pekee akahitimu uuguzi. Mahafali yalikuwa Jumamosi, na kadi za wazazi zilikuwa mbili. Sajini Jumamosi hupumzika. Mumewe yuko sokoni na filimbi. Nyumbani mume hakusema neno. Jumatatu sajini alikuta barua mezani kwake ofisini: "Afande, naomba ruhusa ya siku moja."

Amri ya mkuu wa kituo ilikuwa moja: hakuna ruhusa bila jina la kuziba pengo. Askari wanane walikuwa wamechukuliwa na msafara wa wageni, wanne walikuwa wagonjwa, na lile goti lilikuwa limeshaleta cheti cha daktari. Sajini alifuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka. Angeweza kumnyima mumewe, naye asingelalamika, na hilo ndilo lililomuuma. Alhamisi akaandika jina lake mwenyewe.

"Kadi yangu mpe dada yako," alimwambia mumewe jioni ile.

"Ndiyo, afande," mume akajibu. Hakuwahi kumwita hivyo nyumbani.

Jumamosi sajini akasimama katikati ya mzunguko. Hakuna kivuli, hakuna choo, na mikokoteni haijui mkono wa kulia wala wa kushoto. Saa nne sauti ilikuwa imeshakauka.

"Mama, mzee wetu ni mzima?" muuza maji akamuuliza.

"Mzima."

"Tulidhani amekufa. Huyo hakosi."

Saa nane akaja konstebo wa kike kumpokea. "Pole, afande. Sisi tulishamwomba mzee tuwe tunapokezana naye hapa, akakataa. Alisema tukibadilishana, mke wake ataanza kufuta upya, na akianza kufuta hapati usingizi."

Sajini alirudi nyumbani kwa miguu. Alijuta njia nzima.

Jioni mume alimwonyesha picha kwenye simu: binti amevaa sare nyeupe, baba kulia, shangazi kushoto. Sajini aliitazama kwa muda mrefu, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji.

"Miaka yote hiyo, mbona hukuniambia kule kukoje?"

"Ningemwambia nani? Afande hakuuliza. Na mke wangu alikuwa anafunika ratiba."

Sajini akalia. Alipomaliza, akavuta kitambaa, akamsukumia mumewe daftari na penseli.

"Jumamosi ijayo, sokoni, mwandike Goti."

"Goti lina cheti."

"Andika, baba."

Mume akavaa miwani, akaandika herufi moja moja, kwa mwandiko mzuri kuliko wote uliowahi kuingia kwenye daftari lile.