Fundi Kesho na Hewa ya Rejeta

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Mpelekee gari linalochemsha, atakwambia, "Njoo kesho." Bembeleza, nuna, tukana ukitaka, hana habari. Alikuwa na kilima cha zege alichokijenga uani. Hapo ndipo alipopandisha magurudumu ya mbele, akafungua rejeta injini ikiwa baridi, akajaza maji kidogo kidogo huku akiminya mpira wa juu unaopitisha maji ili mapovu yatoke.

"Hewa ikibaki humo maji hayazunguki," alizoea kusema. "Mimi sitaki laana za mtu aliyekwama njiani."

Sasa sikia kituko. Siku binti yake wa pekee alipokuwa anahamia mji wa mbali, amepata kazi ya uuguzi, gari alilopewa na baba huyohuyo likachemsha kabla ya kumaliza mtaa! Akalizima, akangoja likapoa, akarudi nalo taratibu, mabegi tele nyuma.

"Baba, mshale wa joto umepanda mpaka juu, halafu hita inapuliza baridi."

Mzee akajua papo hapo. Hewa! Jana yake aliweka rejeta mpya, akajaza maji gari likiwa sakafuni tu, chapuchapu, kilima akakisahau kabisa.

"Hukulipandisha?" Binti akacheka. "Fundi Kesho naye ana haraka?"

"Nilitaka nimalize kabla hujatoka nje ukanikuta nalia."

Kicheko kikakatika. Binti akalipandisha gari kilimani mwenyewe. Lilipopoa kabisa wakafungua mfuniko, wakawasha injini, hita wakaiweka kwenye moto wa mwisho. Baba akaminya mpira kwa kitambaa, binti akamimina. Mapovu yakaja bwabwabwa, maji yakashuka, wakaongeza, yakashuka tena. Mwishowe hita ikapuliza moto na maji yakatulia. Mzee akaendelea kuminya.

"Mapovu yameisha, baba."

"Naona."

Akafunga mfuniko, polepole kuliko siku zote. Binti akajifuta mikono, akamtania kwa sauti ya wateja, kama alivyozoea tangu utotoni, ila safari hii machozi yakimlengalenga. "Haya fundi, nije nilichukue lini?"

Lile neno lilikuwa tayari mdomoni. Hajapata kulitamani hivyo maishani, na alijua akilitamka tu, mtoto atashusha mabegi.

"Leo, mama," akasema. "Lichukue leo."